Panya Hawasemi Panapowauma

Beni, Mulekera, 6 Oktoba 2002

Mdogo wangu Jephté,

Pokea salamu zetu, wewe na mke wako Eliane, na wanafunzi wako pia, ambao najua wanakuchosha. Sisi huku tuko. Mvua imefika kwa wakati wake na maharagwe yameota vizuri katika shamba la nyuma. Mume wangu Lévi alienda upande wa Mambasa kununua mchele tangu mwezi wa nane na hajarudi. Wenzake wawili waliotangulia kurudi wanasema walimwacha mzima. Mama yake, mama Berthe, anakaa nasi bado. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Sasa jambo lenyewe. Gardénal, ile dawa ya kifafa ya Sagesse, imekwisha. Muuguzi wa dispensaire yetu alinipa vidonge vya mwisho kabla ya mwezi wa tisa kwisha, akanionyesha kabati ili nisidhani ananificha. Ndani mlikuwa na bandeji na chupa tupu. Anasema gari la dawa lilitakiwa kutoka Kasindi na askari waliligeuza njiani, au lililala mahali, hajui.

Unajua Sagesse alivyokuwa na Gardénal: alianguka mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili. Sasa anaanguka karibu kila siku. Juma lililopita alianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia katika moto, na mimi nilikuwa nje ninachota maji. Ngozi ya vidole vitatu imetoka. Mtoto wa miaka minane ananiuliza, "Mama, nilifanya nini?" kwa sababu yeye hakumbuki kitu, anaamka tu anakuta mkono unauma.

Tafuta huko Butembo. Huko kuna wafanyabiashara wanaoenda hadi Kampala, wanaweza kuwa nayo. Barua hii anaileta Mathe, yule dereva wa kamio la mawese. Mpe jibu yeye mwenyewe mkononi, asipewe msaidizi wake.

Dada yako,
Hulda

*

Butembo, 20 Oktoba 2002

Yaya Hulda,

Tumeipokea barua yako, dada yangu, na Eliane ameisoma akilia. Anakusalimu sana. Hapa Butembo baridi ni ile ile, biashara inaendelea kana kwamba vita viko nchi nyingine, halafu siku moja risasi zinalia sokoni na wote tunakumbuka. Shule inafundisha. Wazazi wanatulipa kwa viazi.

Nimezunguka maduka yote ya dawa, yale makubwa ya mjini na yale ya vibanda. Gardénal hakuna. Mmoja alinionyesha vidonge vyeupe ndani ya karatasi ya gazeti na kuapa kwamba ndiyo yenyewe. Nilimwuliza boksi liko wapi, akasema, "Boksi ya nini? Mutoto atakula boksi?" Sikuvichukua.

Lakini sikiliza. Daktari mmoja mmisionari alipoondoka wakati wa vita vya kwanza, aliiachia shule yetu maboksi ya vitabu na majarida. Hakuna aliyeyafungua mpaka mimi. Katika jarida moja la Kifaransa kuna habari juu ya kifafa. Watafiti walichukua panya, wakawatia kifafa kwa umeme, kisha wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilikula chakula cha kawaida. Fungu la pili lilikula mafuta karibu matupu, bila unga, bila sukari. Wanaita *régime cétogène*. Mwili ukikosa unga unaanza kuchoma mafuta, na moshi wa moto huo, kama naweza kusema hivyo, unaenda kutuliza ubongo. Wale panya wa mafuta hawakuanguka sana. Kuna mchoro, mstari unashuka vizuri kabisa.

Wanasema pia, katika sentensi moja tu, kwamba huko Ulaya watoto wengine wanapewa chakula hicho hospitalini, chini ya macho ya waganga. Hawasemi waganga hao wanaangalia nini. Kisha wanarudi kwa panya wao.

Usianze bado. Nimekamata panya kumi na wawili wa nyumba, nimewatengenezea vizimba kwa madebe. Siwezi kuwatia kifafa, sina umeme wala moyo wa kazi hiyo. Lakini sita nitawapa mawese, avoka na karanga kidogo, na sita nitawapa unga wa muhogo. Nikiona mafuta hayawaui, nitakuandikia, ndipo uanze: umwondolee ugali wa bundu, ndizi, viazi vitamu, miwa na chai ya sukari, umpe mawese, avoka, majani ya sombe yenye mafuta mengi, yai, samaki. Ningojee.

Mdogo wako,
Jephté

*

Beni, 10 Novemba 2002

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Eliane. Mwambie asilie, machozi ya Butembo hayafiki Beni. Mkono wa Sagesse unapona, vidole vinafunguka. Kwa Lévi hakuna neno. Watu wanaotoka njia ya Mambasa wanasema kuna mapigano huko, mimi najibu kwamba wafanyabiashara wanajua kujificha.

Sikungoja. Nilisoma barua yako siku ya Jumapili na Jumatatu asubuhi nikampa mtoto yai na mawese. Wewe una panya kumi na wawili, mimi nina Sagesse peke yake, na siku ile alikuwa ameanguka mara tatu.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alitapika. Alilia akitaka bundu. Alilala mchana kutwa kama mtu mwenye malaria. Mama Berthe alisimama mlangoni na fimbo yake akiniangalia ninavyomimina mafuta katika sahani.

"Sasa huyu mutoto unamufanya taa?" aliniuliza. "Taa njo inakunywaka mafuta. Mutu anakulaka bundu."

"Mama, ni dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya Jephté."

"Jephté iko munganga tangu lini? Jephté anafundishaka batoto majina ya majani!"

Nilicheka, Mungu anisamehe, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

Jambo moja limenisaidia, nalo ni jambo ambalo limeniuma miaka yote. Unajua kwetu mwenye kifafa anakula katika sahani yake peke yake, pembeni, na hakuna anayegusa alichobakiza. Basi sasa hakuna wa kumkatia kipande cha bundu kwa huruma, na hakuna mtoto wa jirani wa kumwachia ndizi. Anakula alichopewa na mimi tu. Wewe umewatengenezea panya vizimba vya madebe. Mimi kizimba nilikikuta kimekwisha kutengenezwa.

Katika kayé yangu naandika kila siku: amekula nini, ameanguka mara ngapi, kwa muda gani. Juma hili ameanguka mara mbili. Soma tena: juma zima, mara mbili. Kinywa chake kinanuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Je, hilo limo katika jarida?

Hulda

*

Butembo, 24 Novemba 2002

Yaya,

Nilikasirika dakika tano, kisha nikafurahi, na mpaka sasa nafurahi. Mara mbili kwa juma! Eliane ametangaza kanisani, watu wamesema haleluya bila kujua panya wamo katika habari hiyo. Mwambie mama Berthe kwamba mwaka huu sifundishi majani, nafundisha mifupa.

Harufu ya kinywa imo katika jarida. Ni alama kwamba mwili umeanza kuchoma mafuta. Ni alama njema.

Panya wangu wa mafuta wako vizuri kuliko nilivyotumaini. Manyoya yao yanang'aa. Wanakimbia, wanapigana, dume mmoja ameniuma. Wale wa unga ndio wanaonekana wamechoka. Ukiwaona hutajiuliza mara mbili ni katika fungu gani utamweka mtoto wako. Mwili ni mwili, yaya. Moyo, ini, figo, ubongo, panya anavyo vyote kama sisi. Ndiyo sababu wazungu wanawatumia.

Endelea hivyo hivyo. Usimpe hata kipande cha muwa.

Jephté

*

Beni, 15 Desemba 2002

Mdogo wangu,

Noeli njema kwenu kabla haijafika, maana sijui barabara itakuwaje. Hapa Beni imejaa. Watu wanatoka Mambasa na vijiji vya huko kwa miguu, na magodoro kichwani, na wengine bila godoro wala kichwa kizuri, kwa vitu walivyoviona. Sisi tumepokea mama mmoja anayeitwa Jokébed na watoto wake wanne. Wanalala sebuleni. Nimemwuliza juu ya Lévi, nikamweleza alivyo, kovu lake la kidevu. Anasema kulikuwa na watu wengi njiani.

Sagesse hajaanguka tangu tarehe mbili ya mwezi huu. Sijui niandike namna gani ili uelewe. Asubuhi naamka na jambo la kwanza nasikiliza, na sisikii kitu. Mwalimu wa chorale ya watoto amemweka mstari wa mbele kwa ibada ya Noeli. Jana walifanya mazoezi ya wimbo mzima, beti zote, na alisimama mpaka mwisho. Mama mmoja aliyekuwa akimvuta mtoto wake kando kila Sagesse anapopita, jana alimsahau pale, watoto hao wawili wakashikana mikono.

Mama Berthe hasemi tena juu ya taa. Ameanza kumwagia mafuta yeye mwenyewe, na anamwaga mengi kuliko mimi. Anasema, "Kunywa, mujukuu wangu, kunywa, weye unazaliwa mara ya pili."

Karibu nisahau kukuuliza: panya wako wa mafuta wanakojoa rangi gani?

Hulda

*

Butembo, 29 Desemba 2002

Yaya Hulda,

Mwaka mpya uwafikie kwa amani, ninyi na wageni wenu wa sebuleni. Sisi Noeli tuliila na kabeji na kuku mmoja kwa watu tisa. Eliane ameanza kutapika asubuhi. Bado hatumwambii mtu, lakini wewe si mtu, wewe ni yaya.

Swali lako limetuchekesha sana. Eliane amesema, "Yaya anataka kujua mpaka huko?" Basi nilienda kuangalia. Majani makavu ninayowatandikia panya wa mafuta yamegeuka mekundu. Ya wale wa unga yamebaki kama yalivyokuwa. Donc ni mawese, yaya. Rangi ya mawese inapita tu na kutoka. Hata mtu akila beterave nyingi za huku Lubero anakojoa nyekundu na kuogopa bure.

Mtoto wa mstari wa mbele! Nimemweleza prefe, mkuu wetu wa shule, habari ya utafiti wangu, anataka niuandike vizuri, labda siku moja kuna jarida litaupokea.

Jephté

*

Butembo, 26 Januari 2003

Yaya,

Natumaini umeipata barua yangu ya mwisho wa mwaka. Mathe anasema barabara imefungwa mara mbili juma hili, sijui hii itafika lini. Eliane anaendelea, tumbo bado halionekani.

Nakuandikia kitu ambacho hakipaswi kukusumbua. Panya wangu wanne wa mafuta wamekufa tangu mwanzo wa mwezi. Nimewapasua. Sikuona kitu ambacho ningeweza kukipa jina. Mimi ni mwalimu wa biolojia, si mganga. Wamekonda ndani ijapokuwa manyoya yanang'aa. Lakini wawili wa unga wamekufa pia, na baridi ya mwezi huu imekuwa kali, na wale wote si vijana tena. Lazima ufikirie kwa utulivu. Panya maisha yake yote ni mwaka mmoja au miwili. Miezi mitatu kwake ni kama miaka mingi kwa mtu. Tena anaingia katika ile hali ya mafuta baada ya siku moja ya njaa, mtoto anahitaji siku nyingi. Miili yetu haiko sawa. Panya si mtoto.

Kwa hiyo usiogope. Endelea, ila niandikie uzito wake ukipata mzani.

Jephté

*

Beni, 23 Februari 2003

Jephté,

Salamu kwa Eliane. Ale vizuri, asibebe maji.

Barua yako ya Januari nimeipata juzi. Mathe ameiweka kifuani wiki zote hizo, kwa sababu kila akifika Maboya askari walimrudisha. Hakukosa yeye.

Nitakuandikia kwa utaratibu, kama ninavyoandika katika kayé.

Mwanzo wa Desemba nguo ya ndani ya Sagesse ilikuwa na doa jekundu la kahawia. Nilimwonyesha mama Berthe. Alisema ni mawese, kwa kuwa mtoto anakunywa mawese kama maji, na mawese ni mekundu. Niliona ana haki. Nani kwetu angefikiri vingine? Kila kitu cha nyumba yangu kina rangi ya mawese: masufuria, meza, mikono yangu. Hata hivyo nilikuuliza wewe, mwenye panya. Sikukuambia kwa nini nauliza. Kama ningekuambia, ungeweza kusema tuache, na alikuwa hajaanguka karibu wiki mbili, na Noeli ilikuwa inakuja. Ulijibu. Nilisoma jibu lako mara mbili, nikalifurahia.

Katikati ya Januari maumivu yalianza. Ubavu wa kulia, yanashuka mpaka chini. Anajikunja sakafuni na kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kulia kwa moto. Nilidhani minyoo. Nikampa dawa ya minyoo. Jokébed alisema ni tumbo la woga, watoto wake wote wanne wanalo. Mama Berthe aliongeza mafuta ili "kulainisha". Kwa sababu anakula peke yake pembeni, hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kwa wiki mbili alikuwa akimwaga nusu ya sahani nyuma ya nyumba. Jokébed ndiye aliyekuta nyasi zimekufa kwa mafuta.

Tarehe 8 Februari nilimbeba mgongoni mpaka dispensaire. Muuguzi alitia mkojo katika chupa ya kioo, akaiacha mezani, akaendelea na wagonjwa wengine. Aliporudi akaniita. "Angalia, mama. Kama ingekuwa mafuta, ingepanda juu. Hii imeshuka." Chini ya chupa palikuwa na unga mwekundu kama wa tofali. Ni damu. Anafikiri ni mawe katika figo. Aliniuliza mtoto anakula nini, nikamweleza. Akasema aliwahi kusikia kwamba chakula hicho kinaweza kufanya hivyo kwa watoto wengine, hasa wasipokunywa maji mengi. Hapa hakuna mashine ya kuyaona mawe hayo wala mtu wa kuyatoa. Ningempeleka ng'ambo, Uganda. Alisema neno hilo kisha akaangalia dirishani, kwa sababu anajua kama mimi ninavyojua kwamba sina pesa za safari hiyo.

Sasa nakuuliza wewe. Panya walipong'aa, uliniandikia kwamba mwili ni mwili, moyo, ini, figo, wanavyo vyote kama sisi. Barua ninayo. Walipokufa, ukaniandikia kwamba panya si mtoto. Hiyo pia ninayo. Nimeziweka pamoja mezani. Nionyeshe siku panya aliyekuwa kama mtoto alipoacha kuwa kama mtoto.

Na wale panya wa jarida, je, kuna aliyewauliza kama ubavu unawauma? Walipimwa kwa siku ngapi kabla ya mstari ule kushuka vizuri katika mchoro? Walitiwa kifafa na watu waliojua walikitia wapi. Cha Sagesse kilikuja na ile malaria ya kichwa alipokuwa na miaka mitatu, na hakuna mtu anayejua kimekaa wapi.

Nimepunguza mafuta kidogo kidogo, kama muuguzi alivyonishauri. Nimeanza kumpa bundu. Anakunywa maji. Juma hili la kwanza la bundu ameanguka mara sita.

Hulda

*

Butembo, 9 Machi 2003

Yaya Hulda,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Eliane amenikataza kuandika salamu ndefu, anasema utazichukia. Yeye anakusalimu.

Nilirudi kuangalia vizimba. Panya wa mafuta wanakula katika kifuniko cha debe. Wanaingia humo na miguu, wanatoka, wanatembea juu ya majani. Majani ni mekundu kwa sababu ya miguu yao na mawese yanayomwagika. Mkojo wa panya hata mmoja sikuuona. Siku ile ya Desemba nilifungua mlango, nikaona rangi, nikafunga mlango, nikaenda kula kabeji. Ningeweza kumtia mmoja katika kopo safi kwa saa moja. Kazi kama hiyo ningempa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na asipoifanya ningempa sifuri.

Tena sikukuuliza kwa nini unauliza. Tulicheka.

Juu ya siku panya alipoacha kuwa kama mtoto: haipo, yaya. Nilikuwa nikimchukua panya aliponipa nilichotaka, nikamwacha aliponipa nisichotaka. Na mbaya zaidi, naona sasa kwamba hata vifo vyao havikutuambia kitu. Mimi niliogopa wamekufa kwa mafuta na nikakuficha hofu yangu chini ya maneno mengi. Labda walikufa kwa baridi. Hawakuwa na mawe, niliwapasua, figo zilikuwa safi. Walipokuwa wazima hawakukuonya juu ya kilichomkuta Sagesse, na walipokufa hawakukuonya vilevile. Ungewangojea, kama nilivyokuomba, wangekuambia anza.

Wale wa jarida walipimwa wiki tatu. Madume wakubwa, wa ukoo mmoja. Imeandikwa pale, ukurasa wa kwanza. Niliisoma mwezi wa kumi na sikuona kwamba ni habari.

Nimewaachilia waliobaki shambani. Prefe ananiuliza utafiti umefikia wapi.

Nimezunguka tena maduka ya dawa. Hakuna. Kuna mtu anasema atakuwa Kampala mwezi wa nne, lakini ni mtu anayesema mengi. Je, niulize juu ya jarida jingine? Eliane anasema katika maboksi kuna majarida ya Kiingereza ambayo sijayafungua, naweza kutafuta mtu wa kunitafsiria. Au unataka nilete nini? Niambie kitu cha kuleta.

Jephté

*

Beni, 23 Machi 2003

Mdogo wangu,

Usifungue maboksi.

Habari za Lévi nimezipata kwa mtu aliyekuwa naye. Mama Berthe anajua, Sagesse bado. Sitaziandika hapa.

Maumivu ya ubavu yamepungua. Siku nyingine anayo, siku nyingine hana. Mkojo unasafika, kisha unarudi. Muuguzi anasema jiwe linaweza kukaa miaka. Kifafa kimerudi chote, na nafikiri ni kikubwa kuliko kile cha kabla, lakini sina namna ya kujua kama ni yeye aliyekua au ni mimi niliyezoea siku za kimya. Desemba imo katika kayé, kurasa zake nyeupe zote, niliandika tarehe na chini yake "hakuna". Nimezisoma mara nyingi mpaka nimejikataza. Mwalimu wa chorale alikuja kusema kwa upole kwamba Pasaka wataweka watoto wengine mbele.

Jana aliniuliza kama anaweza kurudi kwa mafuta. Alisema, "Ile inauma ubavu tu. Hii inanichukua yote." Mtoto wa miaka minane, Jephté. Nilikaa naye na nikamweleza vyote viwili kama ningemweleza mtu mzima, mafuta na damu, bundu na kuanguka. Alifikiri. Akasema, "Basi chagua weye, mama." Sijachagua. Leo amekula bundu kwa sababu bundu ndiyo iliyokuwapo.

Sikukasirikii kama unavyodhani. Mimi niliificha nguo, wewe ulifunga mlango wa kizimba. Tungekuwa na dawa, wote wawili tungekuwa watu wa akili.

Unaniuliza ulete nini. Sikiliza. Anapoanza, Jokébed anawatoa watoto wake nje, na simlaumu, wameona mengi. Mama Berthe anampenda, lakini hamgusi akiwa na povu, anasimama na kupiga kelele, "Hapana kumugusa!" kama alivyofundishwa na mama yake. Mikono ni yangu peke yangu. Sagesse amekua. Miguu yake inafika mbali, na wiki hii imenipiga mara mbili tumboni, na mara moja niliteleza naye na kichwa chake kikagonga mlango.

Mathe anapita Jumanne ya juma la Pasaka, wanasema barabara itakuwa wazi. Shule itakuwa imefungwa. Panda naye, bila mzigo. Kazi yenyewe nitakuonyesha, si ngumu: kuondoa viti na mawe ya jiko, kumlaza upande, kumpangusa povu, na kungoja mpaka kifafa kiishe. Mtu mmoja hawezi kufanya yote hayo kwa wakati mmoja.

Hulda